Wasifu wa Marehemu Niliouprinti Bila Kuusoma

Ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa nanyonyesha, na nikiikumbuka uso unaniwaka.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya steshenari, usishangae nikikuita hivyo. Mimi si bibi, huyu wa mgongoni bado hajaota meno. Lakini juzi hapa Bariadi nimemsikia binti wa steshenari ya jirani akijisifu kwamba wasifu wa marehemu anautoa kabla chai yake haijapoa. Nilitaka kumzaba kibao. Kisha nikakumbuka aliyestahili kibao ni nani. Kaa nikuambie.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi kwenye steshenari karibu na stendi. Kwenye kibodi nilikuwa mwepesi, sikatai. Wenzangu wakihangaika na kipanya kutafuta pa kubofya, mimi nimeshabonyeza Ctrl na C, Ctrl na V, nimemaliza. Kazi nne ziko wazi kwa pamoja, narukia hii na ile kwa Alt na Tab. Nilikuwa nimeifundisha kompyuta hata vifupisho: nikiandika herufi tatu tu, mstari mzima wa "Bwana alitoa na Bwana ametwaa" unajitokeza wenyewe. Bosi akaniita Mashine. Nilifurahi, mjinga mimi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini anayekimbia haoni ukingo.

Sasa, huku kwetu mtu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijashuka, wasifu unasomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ameacha nani. Familia zinakuja steshenari asubuhi na maziko ni mchana huohuo. Mimi sikuwa naandika upya. Nilifungua wasifu wa marehemu wa wiki iliyopita, nikabonyeza Ctrl na H, jina la zamani juu, jina jipya chini, badilisha yote. Marehemu mmoja anatoka, mwingine anaingia.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Masanja kutoka Nkololo, bodaboda ikimsubiri nje. Alikuwa amefiwa na mkewe, Nkwimba.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Mzee kama yule, akaniita mama. Niliitikia macho yakiwa kwenye skrini.

"Andika hakuzaa," akasema. "Usifiche. Ndugu zangu walitaka nimrudishe kwao, ng'ombe zetu zirudi. Nikakataa. Tumezeeka naye. Hilo nataka lisomwe wakiwa wamekaa pale wote."

"Sawa baba, nimeelewa."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa wanafunzi waliopanga foleni kutoa kopi. Nikabadilisha jina, tarehe, kijiji. Yale maneno yake nikajiambia nitayaweka mwishoni. Sikuyaweka. Karatasi zikatoka.

"Nisomee basi," mzee akasema. "Macho yangu hayashiki herufi ndogo."

"Iko sawa baba. Wahi, bodaboda inakungoja."

Mwanangu, jibu lile kama ningeweza kulimeza tena, ningelimeza hata likiwa la moto.

Jioni mama yangu akanipigia simu. Kwetu ni Nkololo hukohuko, naye alikuwa mazikoni. Hakunisalimia.

"Wasifu wa Nkwimba umeuandika wewe?"

"Ndiyo mama."

Akanieleza. Msomaji alikuwa kijana wa kwaya, haijui ile familia. Akasoma kwa sauti yake nzuri kwamba marehemu ameacha mume, watoto saba na wajukuu wengi. Watoto wa yule marehemu wa wiki iliyopita. Watu wakatazamana. Ndipo mdogo wake mzee akasema, kila mtu anasikia: "Hao saba wako wapi? Waje washike koleo basi, sisi tumechoka."

Na watu wakacheka. Kaburini. Mwanamke aliyechekwa maisha yake yote kwa sababu ya tumbo lake, amechekwa hadi ndani ya jeneza, na kicheko chenyewe nimekiprinti mimi.

Bosi aliniambia niseme kompyuta imekosea, au niseme umeme ulikatika. Hasira niliyokuwa nayo, bado ninayo. Kompyuta haikukosea. Ctrl na H haijui nani kazaa na nani hakuzaa. Mimi niliambiwa.

Kesho yake mama akanipeleka msibani. Nilikuwa nimeuandika upya wote, bila kukopi hata mstari. Nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Baba, nimeandika kama ulivyosema."

Hakuipokea ile karatasi. "Miaka yote nimekuwa nawaambia wamwache," akasema. "Jana wamedhani ni mimi niliyemwandikia watoto wa uongo. Wamedhani namwonea aibu."

Nilidhani nimemwaibisha marehemu peke yake.

"Wewe una macho," akasema. "Simama usome."

Nikasoma mbele ya waliokuwa wamebaki. Hakuzaa. Mumewe hakumrudisha. Wamezeeka pamoja. Mama yangu alikuwa akitazama chini.

"Ndivyo," mzee akasema, basi. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Yule mdogo wake na wenzake waliocheka walikuwa wameshaondoka alfajiri. Hawajasikia neno hata moja mpaka leo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na siipambi. Wepesi sikukatazi. Jifunze njia za mkato zote. Bonyeza Ctrl na S uhifadhi kila aya, maana umeme wetu unaujua. Faili la mtu usiliguse kabla hujabonyeza F12 ukalihifadhi kwa jina jingine. Barua za kuomba kazi, mitihani, mihtasari ya vikao, huko kimbia unavyotaka. Lakini akija mfiwa, bonyeza Ctrl na N, uanze na ukurasa mtupu. Mwachie aseme, nawe uandike anachosema yeye. Ukimaliza, Ctrl na Home ikurudishe juu kabisa, kisha umsomee kwa sauti mpaka mwisho. Asiposikia vizuri, rudia. Foleni ikinung'unika, inung'unike. Kopi ya cheti itasubiri, jeneza halisubiri. Na ukikosea usiisingizie mashine, nenda mwenyewe ukapige magoti. Muosha huoshwa, mwanangu. Wasifu wako nao kuna mtu atauandika.

Mungu akupe vidole vyepesi na sikio lisilo na haraka. Akujalie kila anayekuja kwako akilia atoke na maneno yake mwenyewe mkononi. Na siku yako ikifika, akuandikie mtu aliyekusikiliza.