Ukoka wa Mjomba

Uzeeni huko Dar es Salaam, mjomba wangu alipata vitu viwili: kisukari na ukoka. Kisukari alibaki nacho mwenyewe. Ukoka akatuletea sisi.

Mjomba ana nyumba tatu za kupangisha huku Mara: moja Musoma, mtaa wa Kigera, moja Bunda, ukielekea Guta, na moja Butiama, karibu na kwetu alikozaliwa. Msimamizi wa nyumba hizo nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa kwa sababu ya busara. Nina duka la vifaa vya shule Musoma mjini, na dukani kuna printa, na katika ukoo wetu mwenye printa ndiye mwanasheria.

Siku moja akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeokoka jana. Alikuwa ametembelea nyumba ya tajiri mmoja, akakaa kwenye kiti cha plastiki juu ya ukoka, akanyweshwa juisi isiyo na sukari.

"Mjomba," akaniambia, "nyumba isiyo na ukoka ni banda lenye umeme."

"Sawa, mjomba."

"Nataka nyumba zangu zote tatu ziwe na ukoka. Na uandike kwenye mkataba."

Nikaandika. Kipengele cha saba: *Mpangaji atahakikisha kuwa uwanja unakuwa wa kijani mwaka mzima, kwa juhudi zake mwenyewe.* Niliona nimeandika vizuri. Neno "juhudi" hasa lilinipendeza.

Mbegu ya ukoka ilinunuliwa Mwanza ikaja kwa basi, magunia manne. Nilipokwenda kuyapokea stendi, mpakuaji mizigo alifungua gunia moja akachungulia.

"Haya majani ni ya ng'ombe gani?"

"Si ya ng'ombe. Ya kupanda nyumbani. Ya urembo."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akawaita wenzake wawili, akaniomba niseme tena mbele yao, maana wakiambiwa na yeye hawataamini. Kwetu Mara, mtu anayenunua majani, akayasafirisha, akayapanda, akayamwagilia, halafu ng'ombe asiyale, ni mtu wa kuombewa.

Tukapanda. Mvua za mwanzo zikasaidia, ukoka ukashika. Kila Jumamosi nikawa natuma picha Dar es Salaam, na mjomba akawa anazikuza kwenye simu yake kama daktari anayeangalia ugonjwa.

Nyumba ya Kigera alipanga mama mmoja mzaliwa wa Bukima, mfanyabiashara wa dagaa, anayeishi na watoto wake wawili na mama yake mzazi asiyeona vizuri. Huyo mama aliupenda ukoka kabla ya sisi wote. Aliona ni mahali safi pasipo na mchanga, akatandika nyavu juu yake, akaanika dagaa. Nilipiga picha kutoka getini nikidhani dagaa hawataonekana. Mjomba akapiga simu.

"Ukoka wa Kigera unang'aa. Vile vyeupe juu ya majani ni nini?"

"Umande, mjomba."

Picha ilipigwa saa nane mchana. Akakubali. Mtu akishaupenda ukoka hivyo, anakubali mengi.

Bunda alikuwepo mwalimu wa sekondari, mtu mpole, msomaji wa kila kitu anachosaini. Wiki ya tatu nilimkuta aking'oa ukoka na kupanda matembele, uwanja mzima, kwa mistari.

"Mwalimu, umevunja mkataba."

Akaingia ndani, akarudi na mkataba na miwani. "Soma mwenyewe. Uwanja uwe wa kijani mwaka mzima. Matembele ni rangi gani?"

Nikaangalia matembele. Yalikuwa ya kijani kuliko kitu chochote kilichowahi kuota kwenye kiwanja kile. Nikapiga picha kwa mbali. Mjomba akauliza mbona ukoka wa Bunda una majani mapana. Nikamjibu kuwa ni aina ya kisasa.

Lakini uliomkosesha mjomba usingizi kwa furaha ni ukoka wa Butiama. Ule ulikuwa umelala sawasawa kama zulia, hakuna unyasi uliozidi mwenzake. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana mpangaji wa pale alikuwa bwana wa ofisini, anaondoka asubuhi na kurudi jioni, na sikuwahi kumwona ameshika hata jembe. Nikaenda siku ya kazi bila taarifa. Nikafungua geti. Mama yangu mzazi, dada mkubwa wa mjomba, alikuwa amekaa kwenye ngazi za mpangaji akipukuchua mahindi, na kondoo wake watatu walikuwa wameinamisha vichwa, wanakwenda mstari kwa mstari.

"Mama, hawa wanafanya nini hapa?"

"Wanafanyaga kazi yako."

"Mpangaji anajua?"

"Yeye ndiye aliyenipa ufunguo. Alisema hana fyekeo na hataki kuwa nalo."

Usiku huo mjomba aliponiuliza fundi wa Butiama ni nani, ningeweza kusema kweli. Sijui ni shetani gani aliyenishika. Nikasema, "Wapo watatu, mjomba. Wanaanza asubuhi, hawapumziki na hawana maneno mengi."

"Wanatumia mashine?"

"Hapana. Wanafanya kienyeji."

"Hao ndio watu! Siku hizi huwapati. Wape salamu zangu."

Nikacheka peke yangu, na kesho yake nikawasimulia majirani wa duka nao wakacheka. Ilikuwa burudani yetu ya msimu. Kila aliyekuja kununua daftari aliuliza mafundi hawajambo.

Kisha mvua ikakatika, na kicheko kikaanza kupungua. Kigera maji ya bomba yakawa yanatoka siku mbili kwa wiki. Ziwa tunaliona kutoka getini, bluu, kubwa, halina mwisho, na maji yake tunayasubiri kwenye foleni ya ndoo. Ukoka ukageuka rangi ya godoro la zamani. Mjomba akaona picha, akasema mama wa dagaa ana dharau, nimwandikie notisi. Ningeweza kubisha. Nilikwenda dukani, nikaandika, nikagonga hata muhuri wa duka, ambao haukuhusika kwa lolote.

Yule mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Kaka, karibu ndani kidogo."

Akanirudishia karatasi, akanipeleka jikoni. Ndoo tano zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa.

"Hii ya kupikia. Hii ya kunywa. Hii ya kuoshea watoto. Hii mama anaoga, maana yeye hawezi kukosa. Hii ya chooni. Sasa wewe nionyeshe ya majani. Utakayoigusa, naenda kuimwaga sasa hivi."

Bibi kizee alikuwa amekaa pembeni, kichwa amekiinamisha upande wangu, anasubiri kusikia nitagusa ipi. Sikugusa. Ningepaswa kuondoka na ile karatasi mfukoni. Badala yake niliiweka juu ya kochi, nikasema mimi ni wa kutumwa tu, nikatoka. Nimewasikia watu wengi wakisema maneno hayo kwenye ofisi mbalimbali, na kila mara niliwadharau.

Mwezi ulipoisha akahama, mitaa miwili tu kutoka pale. Alifagia nyumba, akafuta madirisha, akaniletea funguo dukani. Juu ya funguo aliweka ile notisi, ameikunja vizuri.

"Na hii nayo ni yenu," alisema. "Nisije nikaambiwa nimeondoka na mali ya nyumba."

Wateja wawili walikuwepo. Hakuna aliyecheka.

Nyumba ikakaa tupu. Kila aliyekuja kuiangalia aliipenda mpaka anapofika kipengele cha saba, hapo anasema atarudi.

Mwezi wa kumi na mbili mjomba akaja kwa kipaimara cha mjukuu wake. Alishuka Mwanza, akakodi gari na dereva, nikamsubiri Bunda. Nyuma ya gari kulikuwa na boksi.

"Hilo ni la nini, mjomba?"

"Zawadi ya mafundi wangu wa Butiama. Gambuti jozi tatu. Wale watu wanakanyaga umande kila siku."

Nilitamani gari liharibike. Halikuharibika.

Bunda, mwalimu alitupokea vizuri sana. Mjomba alisimama mbele ya matembele kwa muda mrefu.

"Ukoka wangu uko wapi?"

"Mzee wangu, shikamoo tena," mwalimu akasema, na mkataba alikuwa nao tayari mkononi. "Kipengele cha saba. Naomba unionyeshe neno ukoka."

Mjomba akasoma. Akasoma tena. Kisha akanigeukia mimi, mwandishi. Mwalimu alichuma fungu kubwa la matembele, akalifunga, akampa kwa mikono miwili, akasema ni mboga inayomfaa sana mtu wa sukari. Mjomba, kwa adabu ya kulelewa, akapokea. Tukaondoka, yeye mbele na matembele mapajani, mimi nyuma na gambuti.

Njiani alisema mara moja tu, "Angalau Butiama."

Nikajifanya nalifunga vizuri boksi la gambuti.

Tulimkuta mama palepale kwenye ngazi. Wakasalimiana kwa lugha yetu, kwa kirefu, wakaulizana wafu na wagonjwa. Kisha mjomba akashusha boksi mwenyewe, akalifungua, akatoa jozi moja ya gambuti, nyeusi, inanukia duka.

"Dada, mafundi wako wapi? Nataka niwape kwa mkono wangu."

Mama akanitazama mimi. Alielewa yote kwa mara moja, na hakunionea huruma. Akanyoosha kidole.

"Si ndio hao hapo?"

Mjomba akacheka, akaangalia nyuma ya kondoo kama kuna watu wamejificha. Kondoo mmoja akainua kichwa, akatafuna, akamtazama mwajiri wake. Miguu kumi na miwili, gambuti sita. Nikaona kicheko kinamtoka mjomba usoni polepole.

"Uliniambia wanafanya kienyeji," akaniambia.

"Ndiyo, mjomba."

Alitaka kupandisha hasira, lakini mama alikuwa ameshasimama, mahindi yanamwanguka kutoka kwenye khanga.

"Wewe usimfokee mtoto. Wewe si ulikuwaga unalia kiangazi? Baba alikuwaga anakutuma mpaka bondeni kule kutafuta majani ya ndama, unarudi na kifungu kidogo kama ngumi, unachapwa. Leo unaotesha majani, unayakata, unayatupa jalalani! Halafu unamtoa mama wa watu kwenye nyumba, na mzee asiyeona, kwa sababu ya majani!"

"Dada, hayo ni mambo ya kisasa."

"Niambie wanakulaga nini hao wa kisasa."

Mjomba alirudi kwenye gari, akakaa, mlango wazi, gambuti bado mkononi. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyopungua. Shati lilimpwaya shingoni, na soksi zilikuwa zimemwacha alama miguuni.

"Mlikuwa mnanicheka wote?" akauliza. "Na kule dukani kwako?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini mwaka ule nilikuwa nimemdanganya vya kutosha.

"Ndiyo, mjomba. Tulicheka."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mimi nilidhani siku nikija nitakuta pazuri. Nikae nje. Basi." Na akaomba maji ya kunywa.

Hakulala Butiama. Tulifika Musoma jua likiwa bado lipo, na hakutaka hata kuingia Kigera. Aliuona ule uwanja kutoka dirishani mwa gari, akasema, "Futa hicho kipengele." Nilikifuta jioni ileile. Gambuti ziligawanywa: jozi moja alichukua mwalimu wa Bunda, moja mpangaji wa Butiama, ambaye hajawahi kuivaa, na moja mama yangu, ambaye huivaa mpaka kanisani mvua ikinyesha.

Siku ya pili nilimfuata yule mama wa dagaa na mkataba mpya mkononi. Alikuwa anafagia uwanja wake, udongo mtupu, mgumu, msafi kama sahani. Nilimwomba radhi. Nilianza kwa kuzunguka, nikaeleza habari ya mjomba na ya kutumwa, akanikatisha.

"Mjomba wako sikumwona mlangoni kwangu. Nilikuona wewe."

"Ni kweli. Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini kurudi sirudi. Hapa nikimaliza kufagia, nimemaliza."

Akanipa kigoda, akanipa chai, na bibi kizee akaniuliza kama yule mwenye nyumba wa majani amepona. Nikasema anaendelea vizuri.

Kigera sasa anakaa dereva wa lori na familia yake. Kwenye ukoka ulionusurika wameweka kamba za kuanikia nguo na banda la kuku. Wanalipa, wanasalimia, hawaniulizi kitu. Wiki iliyopita mjomba alinipigia, sauti ile ile ya kuokoka. Amewatembelea watu fulani, uwanja wao wote ni pevingi, vitofali vya rangi mbili, nyekundu na kijivu, hakuna kumwagilia, hakuna kufyeka.

"Nitumie vipimo vya nyumba zote tatu," akasema.

Nilimwambia futi yangu imepotea. Akasema ataniletea nyingine.