Kumwona Mkwe kwa Mbali

Kwa Wandali wa milima ya Ileje, mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia kichakani na kumpa mgongo mpaka apite. Sasa, utamkwepaje mtu usiyemwona?

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Nesta, mke wa Ipyana. Jicho la kushoto lilififishwa na surua tangu utotoni. La kulia, alilolitegemea, lilirukiwa na kibanzi alipokuwa akipasua kuni. Kidonda kikapona, kovu likabaki, na dunia ikawa ukungu mtupu. Mara mbili akamvaa mzee Mbonile, baba wa mumewe, njiani. Mara ya pili hata mtungi ukapasuka.

Ndugu wakaanza maneno. Barnaba, mdogo wake mzee, akasema waziwazi kwamba mwanamke asiyemheshimu mkwe arudishwe kwao. Ila Mbonile tangu hapo akawa anatembea akikohoa njia nzima, ili mkwewe asikie akae pembeni. Watoto wakamwita Babu Kikohozi. Siku za upepo, hata hicho kikohozi hakikusikika.

Ipyana alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Saza. Huko akasikia habari za daktari wa macho aliyefika Mbeya, akampeleka mkewe. Miwani ilijaribiwa, ikashindwa, maana kovu lilikuwa limeukunja uso wa jicho. Ndipo daktari akampima upya, na baada ya miezi akamvalisha kioo chembamba kama ganda la kitunguu, juu ya jicho lenyewe. Kikamkera kama mchanga. Akakitoa, akakirudisha, mpaka jicho likakizoea. Siku hiyo akauliza yale madoadoa ukutani ni nini.

"Nzi hao, mwenzangu," Ipyana akamwambia. "Umewasahau?"

Waliporudi Ileje, jioni moja yenye upepo, Nesta akitoka mtoni aliona koti kuukuu likikata kona kule juu. Alilijua. Akajitosa kwenye mahindi, akapiga magoti, akageuza mgongo.

Mzee akafika, akasimama. Mkwe hasemeshwi, basi akamsemesha mbwa wake.

"Umeona, bwana? Leo nimeonwa mimi kwanza. Nani tena atamrudisha huyu kwao?"

Akaenda zake, bila kukohoa hata mara moja.

Machozi yakamjaa Nesta. Akainama, akakinga kiganja chini ya jicho, kioo kisije kikadondoka.