Benchi ya Mtu Mmoja

Kwetu Masisi kila familia ilileta benchi yake kanisani. Asiyekuwa na watu alikaa chini karibu na mlango, penye baridi na mbwa. Mimi nilikaa hapo.

Mama alipokufa, baba alishuka Walikale kuchimba madini. Alimchukua dada yangu mdogo, mimi akaniacha kwa baba mkubwa. Huko nilichunga ng'ombe bila kuonja maziwa yao, na fimbo ilinizoea mimi kuliko wao. Habari ya Walikale haikupanda milima yetu tena.

Nilipopata nguvu za kushika msumeno, nilijitengenezea benchi, ndefu kuliko za wenye watoto wengi. Katekista alicheka.

"Muko wangapi kwenu, kijana?"

"Niko na dada," nilimjibu kwa hasira. "Mungu anajua pahali kwenye iko."

Miaka ikapita. Kila Jumapili niliketi pembeni mwa benchi hiyo peke yangu, na aliyeomba nafasi nilimkatalia. Walisema nina kiburi. Waseme.

Jumapili moja ya mvua, katikati ya wimbo, aliingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, matope mpaka magotini. Akazipita benchi zote, akakaa kwenye yangu. Nilifungua mdomo nimfukuze, nikaona uso wa mama yetu.

"Kaka," alinong'ona, "kule inje wameniambia: benchi yenye muntu mumoja, ile njo ya kaka yako."

Nilisogea tu kumpisha, ingawa nafasi ilikuwa tele.