Kufumua Kiondo cha Kalunde

Mwanamke wa Kikamba kupita barabarani mikono mitupu ni jambo la kuulizwa. Wenzake Kalunde waliohamia Kitengela miaka ile ya tisini na kitu walikwenda sokoni wakisuka, wakaenda kanisani wakisuka, wakasimama kusengenya wakisuka, kikapu cha kiondo kwapani na nyuzi za mkonge zikining'inia kama ndevu za mbuzi. Kalunde peke yake alitembea mikono nyuma, kama askari jela. Wengine walisema mji umemharibu. Wengine, waliokuja baadaye, walisema hajui kusuka. Hajui! Wee, acha tu.

Walioujua ukweli ni mumewe, Munguti, aliyekuwa akirudi jioni kutoka kiwanda cha saruji akiwa mweupe wa vumbi, na binti yao wa pekee, Wayua. Kalunde alisuka kila siku ya Mungu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa komeo. Mtu akibisha hodi, kiondo kilitumbukizwa kwenye debe tupu la mafuta chini ya kitanda, na mama akatoka akijipangusa mikono kama mtu aliyekuwa akipika. Wayua alikua akilijua debe lile kuliko alivyojua kilichomo ndani. Akichungulia alifukuzwa.

"Nenda ukasome," mama yake alimwambia. "Ukijua, utasema."

Neno hilo lilimchoma Wayua akiwa na miaka kumi na halikuacha kumchoma. Watoto wengine walifundishwa na mama zao kusokota mkonge pajani. Yeye alifukuzwa kama kuku jikoni.

Kisa kilianzia kanisani. Kalunde alipofika Kitengela mara ya kwanza alijiunga na chama cha akina mama, wakasuka pamoja kila Alhamisi. Siku moja akaja na kiondo ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kuona kingine kama hicho. Vyondo vya watu vilikuwa na mistari ya kuzunguka, mmoja juu ya mwingine. Mistari ya Kalunde ilianza chini na kupanda ikilala upande, ikilala zaidi kila ilivyopanda, kama mvua inayopigwa na upepo wa uwandani. Rangi alizipata kwa kufumua sweta za mitumba. Priscilla, mwenyekiti wa chama, akakiomba akitazame nyumbani wiki moja tu. Jumapili iliyofuata kulikuwa na harambee ya kujenga kanisa. Priscilla akapanda jukwaani na kiondo kile, akamvika mgeni wa heshima begani, akasema, "Hii nimekusukia na mikono yangu." Kanisa zima likapiga vigelegele. Kalunde naye alipiga makofi. Wayua alikuwa amekaa karibu naye na aliiona mikono ya mama yake ikipiga makofi huku machozi yakimtoka.

Angesema, jameni! Angesimama aseme, hiyo ni yangu. Lakini Kalunde hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu, na Priscilla alikuwa na mdomo wa kuuza maji mtoni. Basi akaondoka kwenye chama, akafunga mlango. Kila kiondo alichomaliza baada ya hapo alikikabidhi kwa ndugu yake Kaloki, aliyekuwa dereva wa lori, akipeleke Nairobi kwa mtu wa kuviuza ng'ambo. Alitaka viende mbali kabisa, mahali ambapo hakuna jicho la Kitengela litakaloviona. Na kweli vilienda. Hata kimoja hakikurudi.

Mtu mmoja hakukubali kufungiwa mlango. Huyo ni Wacuka, jirani, mama wa Kikuyu aliyekuwa akiuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara ya Namanga. Watu walimwita Mama Mbugua. Alikuwa amekiona kiondo kile kabla ya Priscilla kukigusa na hakukisahau. Kila mara alipoleta mboga zilizobaki alianza tena.

"Mama Wayua, unasuka. Usinidanganye, vidole vyako viko na alama ya mkonge."

"Ni jembe."

"Jembe gani na hujalima tangu mvua ya El Niño? Toa nje watu waone. Kuja Alhamisi, kaa tu, hata usiseme kitu."

"Nitoe waibe?"

"Priscilla alikuibia moja. Hizo zingine zote umejinyima mwenyewe. Haki, siku moja utaenda na hiyo maneno yote kwa kichwa, na sisi tubaki tukisuka hizi mistari zetu za punda milia."

Kalunde alicheka siku hiyo. Wayua, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa anayefanya kazi kwenye shamba la maua Isinya, alishangaa, kwa maana kicheko cha mama yake kilikuwa kitu adimu. Wacuka akapata nguvu. Miaka ikapita, Munguti akafa kwa kifua, Wacuka akazidi kuja na mboga zake na maneno yake. Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na tatu Kalunde akasema, bila mtu kumuuliza, "Sawa, Mama Mbugua. Nitakuja. Wacha Pasaka ipite."

Wacuka alirudi kwake akiimba barabarani kama mlevi.

Pasaka haikupita vizuri. Jumamosi kuu Wayua alirudi kutoka Isinya akakuta mlango umefungwa kwa komeo na ndani kimya. Majirani wakauvunja. Kalunde alikuwa chini kando ya kitanda, mkono wa kulia umekunjwa chini yake, mdomo umeenda upande. Kando yake kulikuwa na kiondo kilichofika nusu. Safari hii hakuwahi kukitia ndani ya debe; Wayua ndiye aliyekitia.

Hospitali walisema amepooza, atarudishwa nyumbani aangaliwe. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi ulitoa sauti tu, hautoi neno. Na hapo ndipo Kalunde alipotaka kusema. Huo ndio ukatili wa mambo haya! Miaka kumi mdomo ulikuwa mzima akaufunga, sasa unataka kufunguka na haufunguki. Kila Wacuka alipoingia, Kalunde alilionyesha debe kwa mkono wa kushoto, na hakutulia mpaka kiondo kitolewe. Wacuka aliwaleta akina mama wa Alhamisi. Wakaketi sakafuni, wakakipitisha mkono kwa mkono, kwa mara ya kwanza. Naipanoi, mama wa Kimaasai aliyejua shanga kuliko mkonge, alikigeuza, akakinusa, akasema, "Uuwi, huyu mama alikuwa anatuficha hii?" Kalunde alilia na kutabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki.

Walijaribu kuuiga mtindo ule. Kila mmoja alianza cha kwake, na Kalunde akawa akitazama. Wakikosea alipiga godoro kwa kiganja: pa! Wakafumua. Wakaanza tena. Pa! Juu walikuwa wanapata, rangi walikuwa wanapata, lakini vyondo vyao vilivimba ubavuni au mistari ilisimama wima ikakataa kulala. Alasiri moja Kalunde alimshika Wayua kidole, akakivuta mpaka kwenye kitako cha kiondo, katikati kabisa pale nyuzi zinapoanzia, akakikandamiza pale. Akakandamiza sana, hata kucha ikaingia nyamani. Alikuwa anamtazama bintiye machoni kama mtu anayeomba maji.

"Hapa, Mwaitu, mama yangu? Kuna nini hapa?"

Kalunde alitoa sauti yake ile. Wayua hakuelewa. Alijilaumu baadaye kwamba hakuuliza mara ya pili, lakini angeulizaje, na jibu lingetoka wapi?

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa inapenya hata kwenye mabati, Kalunde akaenda. Walimzika kwao Kilungu kando ya Munguti. Akina mama wa Alhamisi walikodi gari wakaenda wote, hata Priscilla, ambaye alilia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mungu anajua alilia kwa sababu gani.

Kiondo kikabaki na Wayua. Kilikuwa nusu, hakina mikono ya kubebea, hakiwezi kubeba hata kitunguu, lakini ndicho kitu pekee cha mkono wa mama yake kilichobaki nyumbani. Vingine vilikuwa ng'ambo kwenye mabega ya watu wasiojua Kilungu ni wapi. Alikiweka juu ya kabati. Jioni akitoka Isinya, miguu imechoka kwa kusimama kwenye maua, alikishusha, akapitisha vidole kwenye mistari, akakirudisha.

Wacuka alivumilia karibu mwaka mzima, kisha akaja bila mboga.

"Wayua, mwanangu, nitasema kitu na ukitaka unifukuze. Siri iko kwa kitako. Hapo ndipo aliweka. Na kitako haisomeki na macho, lazima ifumuliwe."

"Hapana."

"Tutafumua pole pole, tukitazama. Hiyo ndiyo njia yenye mtu husomea kiondo."

"Mama Mbugua, nimesema hapana. Sina kitu kingine. Hata picha yake niko nayo moja tu, na ameangalia chini."

Wacuka alikitazama kiondo juu ya kabati. "Na hiyo siku alikushika kidole, alikiweka wapi?"

Wayua alimfukuza kweli. Alimfungia mlango, akaweka komeo, akaketi juu ya kitanda na kiondo mapajani, na hapo akajiona. Mlango ule ule, komeo lile lile, kitanda kile kile. Alilia mpaka akachoka. Labda mama yake alikuwa akimwambia, fumua hapa. Labda alikuwa akimwambia, hapa usiguse. Hakuna atakayemjibu mpaka kiama. Lakini akikiacha juu ya kabati, mtindo ule utaisha siku mende na vumbi vitakapokimaliza kiondo, na mama yake atakuwa amekufa mara ya pili.

Alhamisi alikwenda kwa Wacuka na kiondo mkononi, wazi, bila karatasi ya kukifunika.

Alikifumua mwenyewe. Hakutaka mkono mwingine. Akina mama walimzunguka na kila mzunguko ulipotoka walihesabu ili waje kuusuka kwenye vya kwao. Ubavu ukaisha, ukaja ukingo wa kitako, na hapo Wacuka akapiga kelele, "Ngai! Tazama, aliongeza nyuzi upande mmoja tu!" Sisi wote, alisema, huongeza nyuzi kuzunguka pande zote ili kiondo kikae sawa. Kalunde aliongeza upande mmoja, akauvuta upande wa pili, na kwa hivyo kila kilichopanda kilianza kulala. Jambo dogo hivyo! Wakacheka, wakagonganisha viganja. Wayua aliendelea kufumua, kwa maana sasa ilibaki sehemu ya ukubwa wa shilingi.

Mzunguko wa mwisho ulipotoka, nyuzi za mkonge ziliachana na kumwagika mapajani mwake. Katikati, pale zilipokuwa zimefungwa pamoja, kulikuwa na kipande cha uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee.

Aliutambua kabla hajaushika. Ulikuwa wa sweta yake ya darasa la kwanza, ile aliyoambiwa imepotea, aliyoililia wiki nzima. Na alikumbuka kitu alichowahi kusikia kwa nyanya yake Kilungu, mazoea ya nyumba yao, kwamba kiondo cha binti huanzwa kwa uzi wa nguo aliyovaa akiwa mdogo. Cha kuuzwa hakianzwi hivyo.

"Kilikuwa changu," Wayua alisema. "Alikuwa ananisukia mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Wacuka alijaribu kumwambia akisuke upya kwa nyuzi zile zile, na kweli baadaye Wayua alikisuka, na kilitoka kizuri. Lakini kilikuwa kazi ya Wayua. Cha mama yake kilikuwa kimekwisha pale pale mapajani, na ni yeye aliyekimaliza.

Miaka mitatu hivi baadaye alikwenda Kajiado mjini kwa shughuli za shamba, akapitia soko. Mwanamke mmoja kijana wa Kimaasai alikuwa ametandaza vyondo juu ya turubai, na kimoja kilikuwa na mistari ya kulala upande, na shanga zimeshonwa mdomoni. Wayua akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Kijana akaitikia, "Iko." Wayua akachuchumaa, akakigeuza, akagusa katikati ya kitako.

"Hii ni ya wapi?"

"Hiyo inaitwa Kalunde. Watu wanaipenda sana. Hata huku sasa tunasuka."

"Kalunde ni nani?"

"Sijui. Ni jina ya hiyo mistari tu."

Wayua alibaki amechuchumaa. Kidole chake kilikuwa bado pale chini.

"Kalunde alikuwa mama yangu," akasema.

Kijana alimtazama, kisha akacheka kwa roho safi kabisa, akampiga bega kidogo.

"Wacha hizo, mama! Wateja nyinyi mko na maneno. Hata ukiniambia ni nyanya yako, bei ni ile ile."