Sentimita Mbili za Mshono

Wakuu, mimi ni fundi cherehani, na nusura nijimalize kwa futi yangu mwenyewe ya kupimia nguo.

Nilikuwa na uvimbe wa saratani kwenye pafu la kulia. Niliandikiwa mionzi mara thelathini, na siku ya kisa hiki ilikuwa ya kumi na sita.

Kama hujawahi kupigwa mionzi, nikueleze. Wanakuchora alama tatu kifuani kwa wino. Kila siku unalala kifua wazi, mistari ya mwanga inalinganishwa na zile alama, mashine inakupiga picha kuhakikisha uvimbe uko palepale, ndipo mionzi inaingia.

Mtaalamu wa mashine sisi wagonjwa tulimpachika jina Tulia, maana neno lake lilikuwa hilohilo: "Tulia, mzee." Siku ya kwanza aliniambia, "Alama zikifutika, usiguse. Niambie mimi."

Sasa, nyumbani niko na shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na makamasi. Nguvu zilikuwa zimeniishia, akawa ananiogesha. Asubuhi hiyo akanivamia na dodoki kama anasugua sufuria iliyoungua.

"Shangazi! Alama!"

"Alama gani? Uende kwa daktari na madoa, waseme hukulelewa?"

Nikatazama kifua. Kitupu.

Niliogopa, sifichi. Wakianza kunipima upya nitapoteza siku, na mimi siku nilikuwa nazihesabu.

Halafu kiburi cha kazi kikanipanda. Miaka ishirini na mbili napima vifua vya watu, changu ndicho kinishinde? Vipimo vya zile alama nilikuwa navyo kichwani, nilishajipima zamani kwa mazoea tu.

Nikasimama mbele ya kioo, futi shingoni, kalamu ya wino mkononi. Nikachora. Tena kwa unadhifu kuliko wao!

Hospitali, Tulia akanilaza. Mistari ikakaa juu ya alama zangu barabara. Akatoka, akafunga mlango, mashine ikanizunguka ikipiga picha. Nikasubiri ule mlio wa mionzi.

Kimya.

Kisha sauti yake ikatoka kwenye spika. "Mzee, hizi alama kachora nani?"

"Si nyinyi?"

"Mzee."

"...Mimi."

Mlango ukafunguliwa. Tulia hakuwa na utani hata chembe.

"Picha inaonyesha uvimbe uko sentimita mbili pembeni ya pale tunapolenga. Bila picha ningechoma sehemu ya pafu isiyo na kosa, na ugonjwa ungebaki unatucheka. Hizo sentimita mbili umezitoa wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Za mshono," nikasema. "Mkono umezoea. Nikishapima, naongeza mbili za kukunja."

Alicheka mpaka akashikilia kitanda. Kisha akamwita daktari.

Daktari akaagiza picha kubwa zaidi ili nichorwe upya, ile ambayo ilikuwa nipigwe wiki mbili baadaye. Wakainamia skrini wakinong'ona. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kuwaza nani atamtunza shangazi.

"Fundi," daktari akasema, "uvimbe umebaki karibu nusu."

"Nusu nyingine imekwenda wapi?"

"Imekufa. Mpango tuliokupimia mwanzo sasa ni mkubwa, mionzi inagusa na nyama isiyo na ugonjwa. Afadhali tumeona leo."

"Yaani nguo inapwaya."

"Inapwaya. Leo hupigwi mionzi, tunaipunguza kwanza."

Nililia, wakuu. Nililia kifua wazi, na michoro yangu ya kijinga.

Nyumbani nikamsimulia shangazi. Wala hakushangaa.

"Si nimekusugua? Kitu kikisuguliwa lazima kipungue."

Sasa mtaa mzima unajua kwamba saratani yangu imepunguzwa na dodoki, na kuna jirani mmoja amekuja kuliazima.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi naongeza: na fundi hajipimi. Alama yako ikifutika, sema, hata kama aibu inakutafuna. Waliosomea kukuangalia ndani waache wakuangalie.

Dodoki nimelifungia kabatini. Shangazi bado anautafuta ufunguo.