Duara Kwenye Paja la Dume

Saa mbili asubuhi, Mboni Khatibu anakata fremu ya karatasi ngumu kutoka kwenye boksi la sabuni. Ameshatupa mbili.

"Ilikuwa nyembamba," anasema kuhusu ile ya kwanza. "Filamu ikigusa kioo, imekwisha."

Anachukua tena wembe, anaendelea na ya tatu.

Mboni, miaka thelathini na minne, anaendesha studio ya marehemu baba yake mjini Bariadi. Taa ya mashine yake ya kukuza picha huwaka kwa betri ya lori. Filamu hubanwa kati ya vioo viwili isijikunje. Upande wake unaong'aa ukigusana na kioo, hasa siku za unyevunyevu, mwanga hutengeneza miduara, kama ile ya mafuta juu ya maji. Fremu huiinua filamu kidogo tu, isiguse.

Kwa miaka sita hakutumia fremu.

"Niliiita madoa. Likitokea usoni kwa mtu, narudia. Likitokea kwa ng'ombe, naacha. Ng'ombe atalalamika?"

Ng'ombe hakulalamika.

Mwaka jana, 1976, alimpiga picha Malimi Shija, mkulima wa Ipililo, akiwa na dume lake. Nakala moja akaitundika dirishani. Baadaye dume likafa kwa ugonjwa wa ndigana.

Mwezi uliopita alipita mfugaji aliyepotelewa na mifugo wakati wa kuhamia vijijini. Akaona pichani duara kwenye paja la dume. Duara ndiyo chapa ya ng'ombe wake. Malimi akakamatwa. Dume halikuwapo tena la kukaguliwa, ilibaki picha.

Mahakamani, Mboni aliulizwa kama alichora alama ile.

"Nikajibu kwa kiburi: mimi sichori, picha haisemi uongo."

Hukumu ikapangwa Ijumaa.

Aliporudi studio aliiinua filamu kwenye mwanga. Paja lilikuwa safi. Akasafisha nakala mpya: duara likatokea angani. Akaitoa filamu, akairudisha: duara likakaa kwenye kofia ya Malimi.

"Nikakaa sakafuni. Nilikuwa namfunga mtu kwa mkono wangu."

Ijumaa alipeleka filamu na nakala zote tatu. Hakimu alizipanga mezani, akazilinganisha.

"Kwa hiyo, Ndugu Mboni, na mbingu nayo imeibwa?"

Malimi aliachiwa baada ya siku kumi na tisa mahabusu, pamba yake ikimwagika shambani bila mchumaji.

Tukiwa bado tunazungumza, Malimi mwenyewe anaingia.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka, kaka. Bado nakuonea haya."

"Nipige nyingine. Mimi peke yangu. Ng'ombe nimemwacha nyumbani, asije akanishtaki." Hatabasamu. "Ila nitaiona filamu kwanza, kabla ya karatasi."

"Utaiona."

Mboni anapima fremu ya tatu juu ya kioo. Inakaa sawa.

Picha za ng'ombe alizowahi kuuza anazikumbuka: kumi na moja. Tisa amezifuata kwa wenyewe, akazichoma na kuwasafishia nyingine bure. Mbili ziko kijiji cha Lingeka, kwa wafugaji. Anataka kuzipata kabla mtu mwingine hajazitazama.

"Jumatatu nakwenda," anasema. "Sikumbuki duara limekaa wapi."