Neno Kura kwenye Santuri ya Shemeji

Mwaka wa uhuru shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, alivaa kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani, akatangaza Kakamega nzima kwamba yeye sasa ni mwimbaji wa kantri, muziki wa huko huko Marekani. Ng'ombe wa baba yake pale Shianda walichungwa na dada zake. Yeye aliimba juu ya farasi. Farasi mwenyewe alikuwa amemwona kwenye kalenda ya duka.

Wanamuziki wake tulikuwa watatu. Mume wangu alipiga gitaa. Binamu yao alikwaruza chupa ya soda kwa msumari, na hiyo ndiyo ilikuwa ngoma yetu. Mimi niliitikia. Wanaume walifanya mazoezi wameketi. Mimi niliitikia nikisonga obusuma, ugali wao. Shule niliacha darasa la pili, na sikuwa na tamaa nyingi. Nilikuwa na moja, wala sioni haya kuisema: nilitaka sauti yangu iingie kwenye santuri.

Basi tukaitwa Nairobi kurekodi santuri kubwa ya nyimbo kumi. Tisa zilikuwa za farasi na za wanawake waliomtoroka shemeji. Ya kumi ilikuwa ya kuwahimiza watu wapige kura, kwa sababu wenye studio walisema nchi inazaliwa, farasi wangoje kidogo.

Studio ilikuwa chumba kilichotundikwa magunia ukutani. Maikrofoni moja, sisi wanne tumeizunguka kama kuku kwenye kopo la maji. Fundi, mtu wa Mombasa, alikaa nyuma ya kioo. Tulipofika wimbo wa kumi akatusimamisha.

"Jamani, kuna mtu hapo anaimba 'twende tupige kula'. Kula ni chakula. Mnakwenda kupiga chakula?"

Shemeji hakuhitaji kufikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake. Akaninyooshea kidole.

"Ni huyu shemeji. Wanawake wa kijijini hawajui Kiswahili. Anahalibu wimbo wangu."

Alisema hivyo hivyo, anahalibu. Mimi nimelelewa Mumias, majirani zetu Waislamu wa biashara, na mama mmoja wao alinipiga kofi la mgongo kila nilipochanganya L na R. R yangu niliipata kwa jasho.

Nikamtazama mume wangu. Akaanza kukaza nyuzi za gitaa zilizokuwa zimekazwa tayari. Alikuwa hodari sana wa kukaza nyuzi, hasa wakati wa shida.

"Atoke nje," shemeji akasema. "Tutalekodi bila yeye."

"Sitoki," nikasema. Nikamgeukia fundi. "Kaka, tuimbe mmoja mmoja. Atakayekosea atoke yeye."

Nikaanza mimi. Kura. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Akaja shemeji, akavua kofia kwanza, akafumba macho kama anayesali.

"Twende tupige kulaaa!"

"Rudia, bwana."

"Kulaaa!"

"Bwana mkubwa," fundi akamwambia, "mwenye njaa ni wewe."

Binamu alicheka mpaka msumari ukamtoka mkononi. Lakini mwenye wimbo hawezi kutolewa kwenye wimbo wake, hilo hata mimi nalijua. Fundi akaamua hivi: tukifika neno lile, shemeji afunge mdomo, arudi nyuma hatua moja, mimi nisogee mbele nilitamke. Ndivyo tulivyorekodi. Mwimbaji mashuhuri anaimba "twende tupige", kisha ananipisha.

Santuri ikatoka. Kwenye jalada yuko shemeji peke yake, pamoja na farasi wa kuchorwa. Chini yake wameandika: "na Vijana Wake." Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni, lakini haya, kijana ni mimi.

Siku moja nikamkuta mwenye duka wa Shianda anaipiga. Nikamwambia, "Huyo anayeitikia ni mimi."

"Wacha mchezo, mama. Hapa imeandikwa vijana."

Nikaweka kikapu chini nikaimba pamoja na santuri. Wateja wakageuka. Mwenye duka akainua sindano, santuri ikanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nikaenda peke yangu mpaka ubeti wa mwisho, na neno lile nikalitamka kila mahali pake. Hakuna aliyecheka.

Mwenye duka akakohoa kidogo. "Sasa mama, ulikuja kununua nini?"

"Chumvi," nikamwambia. "Na hiyo sindano irudishe mwanzo. Wale wa nyuma hawakusikia."